Kushika Hatamu

Simu ilizunguka mkono kwa mkono chini ya mparachichi wa baba mdogo, na maswali yakaja kwa mpangilio wa watu wanaojua mifugo.

"Huyu analima?"

"Halimi."

"Anabeba?"

"Ananibeba mimi."

"Anakamuliwa?"

"Hapana, baba."

"Basi analiwa."

"Wala haliwi."

"Sasa kazi yake nini?"

Nilitafuta neno la heshima zaidi, nikalikosa. "Anatazamwa."

Baba mdogo alinirudishia simu kwa mikono miwili, polepole, kama mtu anayerudisha cheti cha hospitali chenye majibu mabaya. Ilikuwa mwezi wa sita. Maharage yalikuwa yameanikwa uani, Murungu yote, hapa Kibondo, inanuka maganda makavu, na kila mnyama aliyepita barabarani alikuwa na shughuli: mbuzi wa kupelekwa mnadani, ng'ombe wa maziwa, kuku wa mgeni, ambaye ndiye mimi. Na mimi nimekuja kutoka Arusha na picha ya mnyama wa kutazamwa.

Ukizaliwa huku kwetu, farasi unamkuta kwenye maneno kabla hujamkuta kwenye nyasi. Mimi nilianza kumsikia katika siasa. Mwaka 1975 katiba ilibadilishwa ili TANU iwe juu ya vyombo vyote vya nchi, na CCM ilipozaliwa tarehe 5 Februari 1977 iliurithi ukubwa huo. Redio ikawa haichoki kutangaza kwamba chama kimeshika hatamu. Mimi nilizaliwa baadaye kidogo, ila neno nililikuta bado lina nguvu zake. Nilidhani hatamu ni kipaza sauti, maana niliona kila aliyesemwa kuwa ameishika ndiye aliyekuwa anaongea. Kisha palikuwa na kadi ya Mtakatifu Joji juu ya kabati la bibi, amekaa juu ya farasi mweupe anamchoma joka. Palikuwa na farasi wanne wa Ufunuo, ambao katekista aliwasimulia kwa sauti ya kututisha. Na darasani palikuwa na methali ya mpanda farasi wawili hupasuka msamba, tuliyoikariri kwa mwalimu ambaye, Mungu amrehemu, hakuwahi kupanda hata mmoja.

Mnyama mwenyewe hakuwapo, na kutokuwapo kwake kuna sababu. Buha ya juu, nchi yetu Waha yenye vilima vya majani mafupi, ilifuga ng'ombe. Ukishuka kwenye miombo kuelekea mito ya Moyowosi na Malagarasi unaingia himaya ya mbung'o. Katika miaka ya 1930 serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wa sehemu hizi na kuwakusanya katika makazi mapya kwa sababu ya malale. Mbung'o akiwafanya binadamu wahame, farasi ataishi vipi? Ugonjwa wa nagana, unaoletwa na mbung'o, humtesa ng'ombe, lakini farasi humwua upesi zaidi. Juu ya huo kuna homa ya farasi, inayoenezwa na visubi wadogo kuliko mbu, ambayo haihitaji hata msitu.

Msafiri Henry Morton Stanley aliyajua haya kwa hasara. Machi 1871 aliondoka Bagamoyo akiwa na farasi wawili aliowapata Unguja. Walipofika kijiji cha Kingaru, safari ikiwa bado changa kabisa, yule wa kijivu alikufa. Stanley akampasua, akakuta minyoo imeshikilia ukuta wa tumbo, akamzika. Mkuu wa kijiji akaja juu: nani amekupa ruhusa ya kuzika mnyama katika ardhi yangu? Akadai faini ya doti mbili za kitambaa cha merikani. Stanley akamjibu kwamba hakuna tabu, askari wake watamfukua farasi na kumwacha juu kama alivyofia. Mzee alipopiga hesabu ya harufu, faini ikafutwa. Haikupita siku, farasi wa pili naye akafa. Mimi huwa namtetea mkuu yule kila nikisimulia. Aliletewa mzoga wa mnyama asiyejulikana, umezikwa katika ardhi yake, na aliyeuzika hata hodi hakupiga.

Stanley aliendelea kwa miguu na kwa punda. Novemba mwaka ule, wakivuka Malagarasi kuingia Buha, punda wake mmoja aliyeitwa Simba alikuwa anavutwa kwa kamba majini, mamba akamkamata shingoni na kuzama naye. Hiyo ndiyo historia fupi ya wanyama wa kupandwa katika njia yetu. Baada ya hapo kilichopandwa ni baiskeli.

Pwani mambo yalikuwa mengine, na lugha tuliyoichukua ya pwani ilikuja na farasi wake ndani. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, ni utendi wa vita, na vita vya tenzi haviendi bila farasi. Unguja, binti wa Sultani, Sayyida Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na baadaye kujulikana Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, ameeleza katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa 1886, jinsi watoto wa jumba walivyofundishwa kupanda tangu wadogo. Wavulana waliofuzu walipewa farasi. Wasichana walipewa punda wakubwa weupe wa Maskati. Lamu mpaka leo punda hupandwa, hushindanishwa mbio, na kuna siku punda aliyetunzwa vizuri kuliko wengine hupewa tuzo, mwenyewe akapigwa picha naye. Jamaa zetu wa Oman wana ardha ya farasi na ngamia, iliyoingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2018: wapanda farasi wanakuja wawili wawili kwa kasi, bega kwa bega, wengine wamesimama wima juu ya migongo.

Ndiyo maana kamusi ya Kiswahili ina vitu ambavyo mtoto wa Kibondo hana pa kuvitumia. Tandiko lina jina la pili, seruji. Chuma cha mdomoni ni lijamu. Pa kukanyagia ni kikuku. Mwendo una madaraja: telki, matiti, shoti. Mtunza farasi anaitwa saisi.

Saisi ndiye aliyenifundisha.

Nilikuwa nafanya kazi ya hesabu katika shamba moja chini ya Mlima Meru, na shamba lilikuwa na banda la farasi kumi na mmoja. Mwaka wa kwanza niliwaona kama mistari katika daftari: pumba, nyasi, misumari ya kwato, daktari. Daktari alikuwa mstari mrefu. Mwaka wa pili mwenye shamba akasema, kwa mzaha nadhani, kwamba mtu anayelalamikia gharama za farasi namna ile angalau apande mmoja. Alinikabidhi kwa saisi mkuu, mzee wa Kinyamwezi aliyeanza kazi hiyo akiwa hajaota ndevu. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza kwetu wapi. Nilipomwambia Kibondo akacheka mpaka akashika nguzo. "Muha juu ya farasi! Twende, tuone dunia inavyoisha."

Kwa wiki mbili sikupanda chochote. Nilisugua. Kuna brashi ya mpira ya kuamsha vumbi, kuna ngumu ya kulitoa, kuna laini ya kung'arisha, na kuna kulabu ndogo ya kuchokoa uchafu katika ukwato, kuanzia kisigino kwenda ncha, kamwe si kinyume. Nilijifunza kusimama begani, si nyuma, na kumpitishia mkono mgongoni kila ninapozunguka ili ajue nilipo. Farasi haoni kilicho nyuma yake kabisa, na kitu asichokiona hukijibu kwa teke. Mzee hakunieleza haya kama masomo. Aliyafanya tu, mimi nikiwa karibu.

Nilipopandishwa, nilifungiwa kwenye duara. Mzee alisimama katikati ameshika kamba ndefu, farasi anamzunguka, mimi juu nimeambiwa niweke mikono kiunoni kama mama aliyekasirika. Hatamu sikupewa. Nilinung'unika. Nikamwambia mzee kwamba mtu hawezi kujifunza kuendesha bila usukani. Mimi baiskeli nimejifunza nikiwa na miaka saba, mguu nimeupitisha katikati ya fremu kwa sababu kiti kilikuwa juu mno, na usukani nimeushika tangu siku ya kwanza. Akasema baiskeli haina mdomo.

Sikumwelewa mpaka wiki ya tano, aliponipa hatamu na farasi akasimama kama mti. Nikampiga visigino. Akarudi nyuma. Nikavuta zaidi. Akatupa kichwa juu na kunitemea povu kifuani. Mzee alikuja taratibu, akanishika vidole, akavifungua kimoja kimoja.

"Legeza, Muha. Hiyo si hatamu ya chama."

Ule ukanda wa ngozi, kumbe, mwisho wake ni chuma kilicholala juu ya ulimi wa kiumbe. Kila nilichokuwa nakifanya na vidole, farasi alikuwa anakisikia mdomoni: woga wangu, hasira yangu, hata kukohoa. Miguuni namwambia nenda, mikononi namwambia simama, kisha namlaumu kwa kutoelewa. Wapandaji wazuri mikono yao inaonekana kama imelala, hatamu haikazwi wala haining'inii, na ukiuliza wanafanya nini hawajui kukueleza. Nilikaa usiku ule nikiwaza miaka yote niliyosikia neno hili likinadiwa kwa ngumi iliyoinuliwa juu. Nani aliyelichagua? Bila shaka mtu wa pwani, au aliyesoma vitabu vya pwani. Nina shaka kama aliwahi kuishika.

Matiti ndiyo yaliyonitesa kuliko vyote. Mwendo huo una mapigo mawili, na asiyejua kuinuka na kukaa kwa kufuata mdundo hupigwa na tandiko kama mahindi kwenye kinu. Nilitembea kama bata kwa mwezi mzima, ofisini wakidhani nina maradhi ya aibu.

Mwaka wa tatu shamba jirani liliandaa maonyesho madogo, na mwenye farasi akaniandikisha katika daraja la wanaoanza. Ndipo nilipojua kwamba mashindano haya hayana mbio. Hakuna wa kwanza kufika, kwa kuwa hakuna pa kufika. Mnaingia uwanjani pamoja, mnazunguka kwa hatua, kwa matiti, kwa shoti ya kujizuia. Mnageuka, mnarudia kwa upande wa pili, maana farasi naye ana upande anaoupenda. Katikati amesimama jaji. Anawapanga mstari, kisha kila mmoja anatoka peke yake kuonyesha alichonacho kwa dakika moja au mbili. Uingereza, ambako mtindo huu ulikomazwa na ambako maonyesho makubwa ya Horse of the Year Show yamefanyika tangu 1949, katika madaraja mengi jaji huvaa kofia yake akawapanda farasi wa watu mmoja mmoja, ili aonje mwenyewe. Kenya walowezi waliuleta pamoja na vikombe vyao, na huku Arusha nadhani uliingia kwa mlango uleule.

Kinachopimwa ni umbo, mwendo na adabu, na neno la tatu ndilo lililonishika. Farasi asiye na adabu ni yule anayeng'ata jirani kwenye mstari, anayekataa kusimama, anayeogopa karatasi. Sisi tuliolelewa kwa kuambiwa adabu kwanza, elimu baadaye, tunaijua hukumu hiyo. Mtoto akimtukana mgeni, mgeni hamtazami mtoto. Anamtazama mama.

Siku yenyewe nilifika saa kumi na mbili asubuhi nikidhani nimewahi. Mzee alikuwa hapo tangu saa tisa usiku. Farasi alishaogeshwa, mkia umechanwa, na singa za shingoni zimesukwa vifundo kumi na tano vilivyolingana, kila kimoja kimeshonwa kwa uzi. Nilimuuliza alijifunzia wapi ususi, akasema kwa dada zake, wakati wa twende kilioni. Alinifuta buti kwa kitambaa nikiwa tayari nimekaa juu. Nilitaka kumzuia, mtu wa umri wa baba yangu kunifuta viatu, akaniambia nitulie nisimchafulie kazi.

Katika daraja letu tulikuwa sita. Wanne walikuwa watoto, mmoja hajatimiza miaka kumi, na wote walikaa kwenye matandiko yao kama niliyokaa mimi kwenye baiskeli: bila kufikiri. Shoti yangu ilianza kwa mguu usiofaa. Zamu yangu ya kutoka peke yangu ilipofika nilisahau njia niliyopanga, lakini farasi alikuwa mzee wa kazi, ameona uwanja mara nyingi kuliko mimi nilivyoona mishahara, akaifuata ile anayoijua yeye. Mimi nikakaa kimya na mikono yangu. Jaji akasema nina mikono mizuri.

Nilikuwa wa nne. Uingereza utepe wa kwanza ni mwekundu na Marekani ni wa buluu. Hapa walifuata Waingereza, na wa nne ni wa kijani. Picha ikapigwa.

Nilimuuliza mzee jioni ile, tukiwarudisha farasi, kama aliwahi kuingia uwanjani yeye mwenyewe. Amewapanda wote kumi na mmoja, kila alfajiri, kwa mazoezi, na wenye farasi wakipata taabu na mnyama mkaidi ni yeye wanayemwita. Akavuta mshipi wa tumbo, akauning'iniza msumarini. "Kila siku naonyesha," akasema. "Wanaoamka saa hizo ni wachache."

Haya yote niliwasimulia chini ya mparachichi, na nilipofika kwenye rangi ya utepe baba mdogo akapiga paja. "Kijani! Kumbe ni chama!" Wakacheka wote, pombe ya ndizi ikazunguka, nikadhani maonyesho yangu yamekwisha. Lakini mzee mmoja aliyekaa pembeni, ambaye ujanani alichunga sana kule mpakani, aliomba simu tena. Akaitazama kwa muda.

"Ni kama inyambo," akasema.

Ng'ombe wa pembe ndefu, wale ambao leo wageni huonyeshwa katika jumba la mwami wa zamani kule Nyanza, Rwanda. Hawalimi. Huvishwa shanga, huongozwa mbele ya watu, nao wachungaji huwaimbia mashairi ya sifa wakiwa wamesimama ubavuni mwao, mkono shingoni. Alieleza hayo kwa wenzake, na uso wa baba mdogo ukaanza kulainika. Mnyama wa kutazamwa, kumbe, alikuwapo jirani tu, ng'ambo ya kilima. Nilikuwa nimetumia neno sahihi na watu nikawadhania hawatalielewa.

Kisha yule mzee akauliza: "Na mchungaji wake yuko wapi?"

Nikamwonyesha mimi, juu ya tandiko. Akatikisa kichwa. Huyu anayekaa namwona, akasema. Mchungaji.

Niliikuza picha kwa vidole viwili. Pembeni kabisa, kushoto, palikuwa na kiwiko cha mkono, kipande cha koti la bluu, na kitambaa kilichoning'inia begani. Mpiga picha alikuwa amemkata. Nilikuwa nimeitazama picha ile mara mia, na kiwiko kile sikuwahi kukiona.

Nikaikumbuka karatasi ya matokeo, ninayo bado. Ina safu tatu: jina la farasi, jina la mpandaji, jina la mwenye farasi. Ninyi mnaoandaa maonyesho haya, Arusha na Nairobi, na ninyi wa mabanda ya mifugo ya Nane Nane kule Ipuli, Tabora, ambako madume hung'arishwa na kijana asiyetajwa kisha bosi akashikilia kamba wakati wa picha: chorani mstari mmoja zaidi, ongezeni safu ya nne, mwandike humo jina la saisi.